Muulize Sista: Fomu ya afya ya chuo inanipasua kichwa

Mwezi huu meseji zote ni za kitu kimoja. Barua za udahili zimetoka, watu wamefurahi siku mbili, siku ya tatu wakafungua kile kiambatanisho cha mwisho kabisa wakakutana na fomu ya afya: chanjo, kipimo cha TB, uthibitisho wa bima, muhuri wa daktari. Ndo simu yangu ikaanza kulia. Nimechagua chache ambazo naona zinawabeba na wengine, mliobaki msininunie, mengi yalikuwa swali lile lile limevaa nguo tofauti. Na wale wa "sista kwani ni lazima?", kila chuo kina orodha yake na kila nchi ina sheria zake, mimi hapa nawaeleza hivi vitu vinavyokwenda, ila fomu uliyonayo mkononi ndo bosi wako.

Shikamoo sista. Nimepata chuo nashukuru Mungu, ila wanataka rekodi ya chanjo toka utotoni na kadi yangu haijulikani ilipo, tumehama nyumba kama mara tatu hivi, mama anaapa kabisa kwamba nilichanjwa zote, sasa je akiandika barua yeye kama mzazi na kopi ya kitambulisho chake watakubali? Nimebakiza wiki tano. — Wa wiki tano

Marahaba mwanangu. Mama mimi namwamini, chuo hakitamwamini. Wanachotaka ni tarehe, yaani dozi gani, siku gani, na muhuri au sahihi ya kituo kilichochoma. Barua ya mzazi haina hivyo vitu.

Lakini kadi isikuchanganye, ile ni nakala yako tu, sio rekodi pekee duniani. Kliniki uliyopelekwa ukiwa mtoto inaweza kuwa bado ina rejista, yale madaftari makubwa, au siku hizi ipo kwenye kompyuta. Shule nazo kuna zilizochukua kopi siku ya kuandikishwa. Alafu kabla hujaenda popote fungua ile bahasha ya cheti cha kuzaliwa. Sijui ni kadi ngapi nimeona zimetoka humo, imekunjwa mara nne, kona imeliwa na mende, ila tarehe zinasomeka vizuri tu.

Ikikosekana kabisa una njia mbili, kupima damu kuona kama kinga ipo, au kuchanjwa upya. Watu wengi wanakimbilia damu kwa sababu wanaona watakwepa sindano (kana kwamba damu inatolewa kwa kijiko). Shida ni kwamba ukipima majibu yakasema kinga haitoshi, siku zimekwenda na sindano bado unachomwa. Na kurudia chanjo ya surua wakati ulishachanjwa hakuna madhara, mwili unakuta mlinzi yupo kazini basi. Kwa mtu wa wiki tano mimi ningechoma. Piga hesabu na mimi hapa: MMR, ndo sindano yenye surua ambayo vyuo vingi vinaitaka, ni dozi mbili, katikati siku 28 kamili. Wiki tano ni siku 35. Ukichoma kesho, ya pili ukichoma siku ile ile zinapotimia, unabaki na siku sita za kuhangaikia mihuri na kuskani. Ukisubiri majibu ya damu wiki nzima, imekula kwako. Usije ukamshawishi nesi akuchome siku ya 20 ili uwahi, dozi iliyowahi kiasi hicho haihesabiwi, utachomwa ya tatu.

Sista mambo. Chuo nilichopata nje wamenirudishia fomu mara mbili. Kadi ninayo tena safi. Imeandikwa MR miezi 9, MR miezi 18. Wao wanasema sijakamilisha surua, nimewaandikia imeili ndefu kuwaeleza kwamba si ndo surua hiyo hiyo jamani, hawajibu, mfumo unaweka alama nyekundu tu. Hivi hawajui kusoma au ni ubaguzi? — Nimechoka na nyekundu

Poa. Wanajua kusoma, na kwa hili siwezi kukutetea. Tatizo lako ni herufi moja na miezi mitatu.

Herufi kwanza. MR ni surua na rubela. MMR ni surua, matumbwitumbwi na rubela. Hiyo M ya katikati ndo matumbwitumbwi, ule ugonjwa wa mashavu kuvimba mpaka unafanana na mtu aliyejaza karanga mdomoni, na kwa vijana wa kiume waliokwisha balehe unaweza kushuka mpaka kwenye korodani, kwa hiyo sio ugonjwa wa kuchekea. Nchi nyingi ratiba ya watoto inatumia MR, haijakosea, imechagua kupambana na surua na rubela kwanza. Ila kadi ya namna hiyo ikifika kwenye chuo kinachotaka MMR, sehemu ya matumbwitumbwi inasomeka sifuri.

Sasa miezi. Pale surua ilipo nyingi, mtoto anachanjwa miezi 9 mana akingojewa zaidi anaweza kuugua kabla. Lakini mtoto wa miezi 9 anaweza kuwa bado na kinga aliyotoka nayo kwa mama yake, na ile kinga inaweza kuipunguza nguvu chanjo kabla haijafundisha mwili wa mtoto. Ndo sababu vyuo vingi vinahesabu dozi zilizochomwa kuanzia siku ya kutimiza mwaka mmoja na kuendelea. Yako ya miezi 9 wameiruka, hiyo ndo miezi mitatu iliyokuponza. Ya miezi 18 wameikubali.

Kwa hiyo ukijumlisha: surua unadaiwa dozi moja, rubela huenda hudaiwi kitu, matumbwitumbwi unadaiwa mbili. Na kwa vile zote tatu zinakuja kwenye chupa moja, unachoma MMR mbili, zinaachana siku 28, yameisha. Imeili ndefu acha. Yule anayeangalia fomu ana visanduku, na kisanduku hakisomi maelezo, kinasoma tarehe.

Kwenye tarehe hapo nikuambie kitu kinachorudisha fomu nyingi kuliko chanjo yenyewe. Ukiandika 03/04, kwa mmoja ni tarehe tatu mwezi wa nne, kwa mwingine ni tarehe nne mwezi wa tatu. Mwambie nesi aandike mwezi kwa maneno. Na jina liwe lile la kwenye pasipoti. Kadi inasema jina la nyumbani, pasipoti inasema jina la ubatizo, mtu wa mbali atajuaje kuwa ni wewe?

Kwa nini wanaing'ang'ania surua hivyo, ni kwamba virusi vyake vinabaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Yaani alikaa kwenye ukumbi wa mhadhara, akakohoa, akaondoka zake, nyie kundi la pili mnaingia mnavuta viti. Katika watu kumi wasio na kinga waliokuwa karibu naye, tisa wanaondoka nayo. Dozi moja inakinga kama asilimia 93, mbili zinafika kama 97, hiyo tofauti inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa watu elfu kadhaa wanaolala jengo moja.

Dada zangu mnaosoma hapa, MMR haichomwi mjamzito, na ukishachoma kaa mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba. Anayetumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili aongee na daktari wake kwanza, chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Nikiwa bado kwenye kadi: kuna wengine wanne wameniandikia kuwa hawana chanjo ya homa ya ini B. Angalia kadi vizuri, kama imeandikwa Penta 1, Penta 2, Penta 3, hepataitisi B imo humo ndani, Penta ni chanjo tano kwa sindano moja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na ile ya bakteria wa Hib. Mwombe nesi akuandikie kwenye fomu kwa jina la ugonjwa, mana wa upande wa pili huenda hajawahi kuliona neno Penta. Kama kweli hukupata, zipo tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza, na vyuo vingi vinakupokea ukiwa umeshaanza ukamalizia huko huko. Ulianza ukaachia njiani? Huanzi upya, unaendelea pale ulipoishia. Wa udaktari, uuguzi na maabara ninyi mtaombwa na kipimo cha damu juu yake, kinga ya homa ya ini B inatakiwa ifike 10 kwenda juu (kwenye majibu utaona mIU/mL), na kipimo kinafanywa mwezi mmoja mpaka miwili baada ya dozi ya mwisho, msikimbilie kesho yake.

Nina aleji ya mayai, naweza kuchanjwa? — Wa mayai

MMR ndiyo, aleji ya mayai haizuii. Homa ya manjano hapana mpaka daktari akuone, ile inatengenezwa kwenye mayai kweli kweli. Mwambie nesi kabla hajafungua sindano, sio baada.

Habari za kazi sista. Mwanangu kaingia mwaka wa kwanza, kwenye karatasi ya ada wameweka na bima ya afya ya chuo. Mimi nina bima ya kazini na huyu mtoto yumo kama tegemezi tangu anazaliwa. Nalipa mara mbili ya nini? Nimepiga uhasibu wananijibu lipa kwanza mama mengine baadaye. — Mama wa mwaka wa kwanza

Salama mama, na hongera ya mtoto. Uhasibu hawana makosa, wao wanakusanya tu, hawana mamlaka ya kukufutia. Ofisi unayoitafuta ni ile inayoshughulika na afya au ustawi wa wanafunzi. Vyuo vingi vyenye bima yao vinaruhusu mwanafunzi asamehewe akionyesha ana bima nyingine inayolingana, lakini kuna fomu, na fomu ina siku ya mwisho, na ikishapita mara nyingi hela hairudi hata ulie. Pia msamaha huo kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, mwakani unaomba tena. Kwa hiyo leo hii usigombane na mtu, uliza tarehe.

Ila kabla hujaomba msamaha hebu niazime hiyo kadi yako tuiangalie pamoja.

Cha kwanza umri. Tegemezi ana ukomo, kwingine 18, kwingine 21, kwingine wanasogeza mpaka 25 au 26 kama bado anasoma na unapeleka barua ya chuo. Usiangalie tu kama leo yumo, angalia siku yake ya kuzaliwa inaangukia wapi ndani ya mwaka wa masomo. Kuna kijana nilimpokea kifundo cha mguu kimevimba, kateguka mpirani, kadi tukaiweka kwenye mashine ikakataa, tukajaribu tena ikakataa, akampigia mama yake, mama akasema haiwezekani mbona mwezi uliopita alitibiwa. Mwezi uliopita alikuwa na miaka 20. Wiki mbili kabla ya kutegua mguu alikuwa amekata keki.

Cha pili hospitali. Bima nyingi zina orodha ya vituo, na orodha hiyo imejaa vya karibu na kwako, si vya karibu na hosteli yake. Wapigie simu uwaulize hivi, kwa maneno haya haya: mwanangu akiumwa kichwa Jumanne ya kawaida, sio dharura, anaenda kituo gani karibu na chuo na anatoa nini mfukoni? Wakianza kukuzungusha na "dharura zote zinahudumiwa popote", ujue jibu la kichwa cha Jumanne ni hakuna. Na kijana wa chuo magonjwa yake mengi ndo hayo, kichwa, tumbo, jino, mawazo. Jino na miwani mara nyingi havimo hata kwenye bima nzuri. Mawazo nayo, wengine wanalipia kuonana na mshauri vikao kadhaa tu, uliza vingapi.

Cha tatu ni ile hela anayotoa mgonjwa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Kuna bima inaonekana nafuu kwa mchango wa mwezi, kumbe kiwango cha kujilipia ni kikubwa hivyo kwamba kijana mzima mwaka mzima hafiki hapo, anajilipia kila kitu na bima anaitazama.

Maoni yangu, na mimi sio wakala wa mtu: kama kituo cha bima yako kiko karibu na chuo na umri unatosha mpaka mwisho wa mwaka, omba msamaha okoa hela yako. Kama kimojawapo hakipo, lipa ya chuo, halafu ya kwako mwache humo humo kama haiongezi gharama, likizo ataihitaji. Majibu yao yoyote yachukue kwa maandishi. Sauti ya kwenye simu haina muhuri.

Sista nisaidie haraka!! Jana nimechomwa kile kipimo cha TB cha chini ya ngozi mkononi, leo pamekuwa pekundu kabisa, nina TB? nimeshalia nikamaliza sasa nauliza. naweza kupaka barafu? na nikifunika na shati wataona? — Mkono mwekundu

Funga bomba la machozi mwanangu. Wekundu hausomwi. Anayesoma kipimo hicho anapitisha kidole akitafuta uvimbe mgumu chini ya ngozi, anauwekea alama kingo zake, anapima upana kwa rula ya milimita. Unaweza kuwa na wekundu mpana na uvimbe hamna, hapo jibu ni hasi. Usipake kitu, usikune, usifunge bandeji. Baridi kidogo ya kitambaa kama panawasha sana haina neno.

Halafu hata ukisomeka chanya haina maana unaumwa TB. Ina maana mwili umeshawahi kukutana na hao bakteria, au na ndugu zao wa kwenye BCG, ile chanjo ya TB ya utotoni. Una lile kovu la begani? Basi hicho kipimo kinaweza kudanganyika. Wakisema chanya utapigwa eksirei ya kifua na kuulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kipo pia kipimo cha damu ambacho BCG haikidanganyi, uliza kama chuo kinakikubali, mimi ningekuwa na kovu na hela ipo ningeanza nacho moja kwa moja.

Kinasomwa saa 48 mpaka 72 tangu kuchomwa, ikipita hapo kinarudiwa. Mimi nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nilichomwa Alhamisi mchana, najiona mjanja nimewahi, sikupiga hesabu kuwa saa 48 ni Jumamosi na 72 ni Jumapili na kliniki ile imefungwa siku zote mbili. Jumatatu nikaenda na mkono wangu, nesi akaniangalia, akaangalia kalenda, akanichoma mkono wa pili. Kwa hiyo nendeni Jumatatu au Jumanne.

Na kama una MMR ya kuchoma pia, fanyeni siku moja vyote viwili, au kipimo kwanza. Ukitanguliza MMR ukaja kupima siku kadhaa baadaye, chanjo inaweza kukizubaisha kipimo kikatoa hasi ya uongo, itabidi usubiri wiki nne.

Nina pumu tangu mdogo. Fomu ya bima inauliza nina ugonjwa wa kudumu? Wenzangu wanasema andika hapana mana ukiandika ndiyo wanakukataa au wanapandisha. Nifanyeje sista? — Wa pampu ya bluu

Andika ndiyo. Najua wenzako wanakupenda, ila siku umebanwa kifua saa nane usiku si wao watakaolipa. Bima inapoletewa bili kubwa inaomba faili lako, faili linasema pumu tangu utotoni, fomu inasema hapana, hapo wana haki ya kukataa kulipa na hata kukufutia mkataba. Umeokoa kidogo umepoteza chote.

Cha kuuliza wewe ni muda wa kusubiri. Baadhi ya bima zinakubali ugonjwa uliokuwa nao lakini zinaanza kuulipia baada ya miezi kadhaa. Kama ni hivyo usikubali ile ya nyumbani ifutwe kabla huo muda haujaisha. Bima za kundi, zile chuo kinaingiza wanafunzi wote pamoja, mara nyingi haziulizi historia kabisa, na kwa mwenye pumu, kisukari, selimundu au kifafa hiyo ni sababu tosha ya kuichukua hata kama inaonekana ghali.

Beba dawa za mwezi wa kwanza wote, na cheti cha daktari kilichoandikwa jina la dawa yenyewe sio la kampuni, kwa sababu jina la kampuni hubadilika ukivuka mpaka, jina la dawa mara nyingi utalikuta.

Hii chanjo ya homa ya uti wa mgongo inahusu nini na chuo? Mimi naenda kusoma uchumi. — Mchumi

Inahusu kitanda chako kuwa karibu na vitanda vya wengine. Bakteria wake wanakaa kooni kwa watu wazima kabisa wasioumwa, wanahama kwa mate na kukaribiana: chupa moja ya maji watu watano, sigara moja, busu, kulala chumba kimoja. Mwaka wa kwanza mnatoka pande zote mnachanganyika wiki moja, kila mtu na wadudu wa kwao. Ndo mana vyuo vingi vinataka dozi ya ACWY ndani ya miaka mitano kabla ya kuingia hosteli, hasa kwa wanaokaa bwenini. Soma herufi hapa tena, kila moja ni aina ya hao bakteria. Kuna ya A peke yake, kuna ACWY, kuna B ambayo ni sindano tofauti. Kadi ikisema A tu, ile ya ACWY bado. Choma angalau wiki mbili kabla ya kuripoti ili kinga iwe imeshasimama.

Na hata ukichanjwa, ukimwona mwenzako ana homa kali, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza macho, anaongea vitu havieleweki, au ana vipele ambavyo ukivikandamiza na glasi ya kioo havipotei, usimwambie alale atapata nafuu asubuhi. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa 24. Mpeleke usiku huo huo, ya bima mtaulizana mkishafika.

Sista mimi naenda nje mwezi wa tisa. Wakala kaniuzia bima ya safari ya siku 30, kasema inatosha viza. Inatosha na chuo? Na kadi ya njano nilichoma 2013 imekwisha? — Msafiri

Nianze na rahisi. Kadi ya njano haijaisha. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi. Ambaye hajachoma ajue cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, ukichoma siku tatu kabla ya ndege unaweza kurudishwa. Nayo ni chanjo hai kama MMR, ni vizuri ziachane wiki nne, kwa hiyo kama unadaiwa zote mbili mwambie anayechoma mapema akupangie.

Bima ya safari ni mnyama mwingine. Inalipia ajali, dharura, begi kupotea, kukurudisha nyumbani. Haikulipii kwenda kuangaliwa shinikizo la damu wala kufuatilia ujauzito wala dawa za kila mwezi. Ujerumani bila uthibitisho wa bima ya afya chuo hakikuandikishi. Australia unatakiwa uwe na ile bima ya wanafunzi wa kigeni kwa muda wote wa viza. Sehemu nyingine wanakukata pamoja na ada. Ya siku 30 sio lazima uitupe, kazi yake iwe kuziba lile pengo kati ya siku unayotua na siku bima ya chuo inapoanza, mana wengi wanafika tarehe 15 na bima inasoma tarehe mosi mwezi ujao. Angalia hizo tarehe mbili leo. Uliza pia kama hospitali inadai bima moja kwa moja au unalipa wewe kwanza ndo unarudishiwa, ikiwa ni hiyo ya pili basi kila risiti piga picha pale pale kaunta, madai yana muda wake na yakichelewa hayalipwi.

Sista hii ni siri, mimi mwanaume miaka 19, naogopa sindano. Sio kuogopa kidogo, nilizimia form two mbele ya darasa. Fomu ina sindano tatu. — Usitaje jina

Sitaji. Na hauko peke yako, vijana wa umri wako ndo wanaozimia kuliko wazee, tena vidume virefu wanaingia wanacheka wanatoka wamebebwa. Kula kabla ya kuja, kunywa maji, na mwambie nesi mlangoni kwamba ulishawahi kuzimia. Tutakulaza chali. Ukianza kusikia kizunguzungu au masikio yanavuma, kaza mapaja na tumbo kwa nguvu kama sekunde kumi, legeza, kaza tena, damu inapanda kichwani. Mkono wa kuchomwa ulegeze, huo usiukaze, ukikazwa unauma zaidi. Angalia dirisha. Zote tatu zinaweza kuchomwa siku moja sehemu tofauti, uliza, mana kwa mtu kama wewe kuogopa mara moja ni bora kuliko kuogopa mara tatu. Ukimaliza kaa dakika 15 usinyanyuke hata kama unajiona simba.

Njoo na mtu wa kukusindikiza ukitaka, hata mdogo wako wa darasa la tano. Hatucheki. Tukicheka ni ukishatoka.